Nyama ya kibofu cha Papa iliganda kwenye friji ya sambaza, na mimi nilikuwa nimeonywa

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamembe, huku Rusizi, karibu na daraja la kuingia Bukavu.

Mimi huwa nasoma tu. Nina zaidi ya mwaka hapa jukwaani na sijawahi kuacha hata comment moja, maana nikifikiria kwamba watu watanijibu, moyo unanienda mbio kama nimeitwa ubaoni.

Leo naandika kwa sababu nangoja simu. Kungoja bila kufanya kitu kumenishinda.

Nina miaka kumi na saba, niko senior five, nasoma biology na chemistry. Tangu primary naweka daftari, kila siku mistari michache, na saa pembeni. Kwa hiyo haya sikuyatunga leo. Nayatoa kama yalivyo humo, hata pale ninapoonekana mbaya. Majina tu ndiyo sikuyaandika.

Wazazi wangu walikulia Bukavu kabla ya kurudi Rwanda, na Kiswahili cha nyumbani ni cha huko. Wakiongea nitawaacha waongee hivyo hivyo, mtawaelewa.

Papa anaendesha lori la simenti kutoka Muganza. Maman anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwa wanaojua dagaa, ni karibu ndugu. Ana friji kubwa la kugandisha kwenye chumba cha nyuma, na soko zima linajua kwamba sambaza wa Maman hawanuki. Wauzaji wengine humjia kumuuliza barafu kiasi gani, mfuko gani, wapangwe vipi.

Kumbukeni hilo la friji, ndipo shida ilipoanzia.

Likizo ilipoanza, Papa alikuwa anakojoa damu.

Hakutuambia. Haikumuuma, basi akanyamaza. Maman alipoona choo hakikumwagiwa maji vizuri akamuuliza, naye akajibu ni dawa ya minyoo aliyokunywa. Maman akakubali. Mimi sikukubali, kwa sababu sijawahi kusoma dawa ya minyoo ya rangi ile. Lakini nilinyamaza pia. Mtaona kwamba kunyamaza ndiyo kazi yangu kubwa kwenye uzi huu.

Wiki mbili baadaye mkojo ukaziba kabisa. Aliletwa hospitali na dereva mwenzake, jasho linamtoka, hawezi kusimama wala kukaa.

Kuna daktari wa njia ya mkojo ambaye huja huku mara moja moja. Bahati siku zile alikuwepo. Aliingiza kamera ndogo, akaona uvimbe. Akatuchorea kwenye karatasi: kibofu kama puto, na chini kabisa, kwenye shingo ya puto, kitu chenye vichwa vichwa kama koliflawa. Akasema ataukwangua kupitia njia ile ile, na vipande vitapelekwa maabara kubwa kule Huye.

Neno kansa hakulitamka. Alisema, "Mahali ulipo ndipo panaponipa shida."

Nieleze hapa kidogo, maana bila hili hamtaona kwa nini nilikosa raha.

Shingo ya kibofu inapakana na tezi dume. Uvimbe ukikaa pale, unaweza kuwa umezaliwa kwenye kibofu chenyewe, au umezaliwa kwenye tezi dume ukapanda juu. Kwa macho vinafanana. Lakini matibabu ni mbali mbali kabisa. Wa tezi dume una sindano zake za homoni. Wa kibofu, kama umeingia kwenye msuli, mara nyingi kibofu chote kinatolewa na mtu anaishi na mfuko wa mkojo ubavuni.

Daktari alitueleza yote hayo. Papa alisikiliza, halafu akauliza swali moja tu.

"Na huo mufuko, Dokta, muntu anaweza kuendesha lori nao?"

Daktari akasema wapo wanaofanya kazi nao. Papa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na haamini.

Alipasuliwa siku ya Alhamisi. Nasema kupasuliwa, ingawa hakuna kisu kilichogusa ngozi.

Mchana nesi akatoka na kichupa cha plastiki chenye kifuniko chekundu. Ndani maji kama ya kawaida, na vipande vidogo vya nyama vyenye rangi ya waridi iliyochujuka. Gari la kubeba sample lilikuwa limeshaondoka asubuhi. Nesi akasema tungoje safari ijayo, au familia ikipeleke yenyewe.

Maman akajibu kabla hajamaliza: "Tutapeleka siye. Mutoto ataenda kesho asubuhi na bisi ya kwanza."

Mutoto ni mimi. Maman ilibidi abaki hospitali kumlinda Papa.

Nesi akaniwekea kichupa mkononi, akaniangalia usoni. Maman alikuwa ameshageuka kuchukua kitenge chake.

"Usikifungue, hiyo dawa inaunguza macho. Na kisiingie kwenye friji, umesikia? Kikae mezani tu."

Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia.

Wakuu, hayo ni maneno kumi na matatu. Nimeyahesabu mara nyingi.

Tulipita nyumbani jioni ili Maman achukue nguo na chakula cha Papa. Tulikuta wamama watatu wa kanisani wamekuja kutuombea. Nilikuwa nimekishika kile kichupa kwa mikono miwili. Maman akanyoosha mkono.

"Leta apa."

"Maman..."

"Leta. Unataka ioze? Joto yote hii."

Mmoja wa wale wamama akachungulia, akajivuta nyuma. "Njo nyama ya Papa hiyo? Yesu wangu."

"Njo yenyewe," Maman akasema, yaani ndiyo yenyewe. "Na nyama ni nyama tu. Bila barafu, kesho inanuka. Mi nauzisha sambaza tangu huyu hajazaliwa. Mushawahi kuona yenye iliozea mu mikono yangu?"

Wakacheka kidogo, wakasema hapana, hawajawahi.

Akafungua friji, akasogeza mifuko ya sambaza, akakizungushia kichupa kitambaa safi na kukiweka katikati, pale penye baridi kuliko pote. Kwa upole, kama anamlaza mtoto. Akafunga.

Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema. Sababu ya kwanza ni wale wamama. Kumkosoa Maman mbele ya wageni, tena kwenye jambo la barafu, ni kama kumkosoa padri kwenye misa. Sababu ya pili, nilidhani labda Maman anajua kitu ambacho nesi hajui.

Ya tatu ndiyo mbaya. Nilifikiri nikisema sasa, ataniuliza kwa nini sikumwambia njiani. Jibu sikuwa nalo. Basi kila dakika iliyopita, ikawa ngumu zaidi kusema, na dakika zikapita.

Maombi yakaanza. Wakamwomba Mungu auongoze mkono wa daktari wa Huye. Nikasema amina.

Kwenye daftari niliandika: Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Maman ameweka kichupa kwenye friji. Nesi aliniambia kisiwekwe. Sikusema.

Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, nilikitoa mwenyewe. Kilikuwa jiwe. Nilikitikisa, hakuna kilichocheza ndani.

Maman alinipigia kutoka hospitali kuuliza kama nimekitoa. Nikasema ndiyo, kimeganda. Alikuwa ametoka nje ya wodi, akasema kwa furaha, "Iko salama kabisa, imeganda muzuri."

Ndani ya basi nilikiweka mapajani. Tulipofika katikati ya msitu wa Nyungwe nilihisi kimeanza kutikisika. Barafu ilikuwa inayeyuka. Nilifurahi, nikajidanganya kwamba kikiyeyuka chote kabla ya Huye, itakuwa kama hakijawahi kuganda. Mtu anayesoma biology, halafu anafikiri hivyo. Niliwahi kuandika kwenye mtihani kwamba maji yakiganda yanatanuka na kupasua seli, nikapata alama zote.

Kwenye dirisha la maabara kijana mmoja alipokea, akasoma fomu, akauliza kwa Kinyarwanda, "Kuna tatizo lolote lililotokea njiani?"

Nikatikisa kichwa kwamba hakuna.

Mara ya pili hiyo, kwa kichupa kile kile.

Baada ya hapo tukangoja. Papa alirudi nyumbani amekonda, akawa anakaa kwenye kiti cha uani akisikiliza injini za malori barabarani na kutaja nani anapita. "Huyu gia yake ya tatu imekufa. Huyu amebeba kupita kiasi." Akicheka anashika tumbo.

Mimi nilikuwa natafuta kwenye simu maneno kama kugandisha, tishu, fomalini, ile dawa ya kwenye kichupa. Kila nilichosoma kilisema kitu kile kile ambacho nesi alisema.

Siku ya kumi na sita simu ya Maman ikaita. Alikuwa anaosha kwa sabuni mikono iliyotoka kwenye samaki, basi akaniambia niiweke sauti ya nje.

Alikuwa daktari wa maabara, yule anayesoma nyama kwa hadubini. Mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Alizungumza Kinyarwanda, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

Alisema hivi: "Naangalia vipande vya mume wako. Seli zina mashimo, nyingi zimepasuka. Saratani ipo, hiyo naiona. Ila umbo limeharibika, siwezi kusema kwa macho kama ni ya kibofu au ya tezi dume. Mlivihifadhi vipi?"

Ndivyo tulivyolisikia neno lile kwa mara ya kwanza. Saratani ipo. Katikati ya sentensi, kama kitu tulichokuwa tunajua tayari.

Maman alisimama na mikono yake imejaa povu.

"Tulitunza vizuri sana, Dokta."

"Havikuwekwa kwenye baridi?"

Maman akaniangalia. Aliniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, jicho la mtu aliyeanza kuelewa.

"Hapana," akasema. "Hapana, Dokta."

Daktari akaeleza kwamba anauliza kwa sababu tishu yenyewe ni ndogo. Atalazimika kutafuta protini. Kila kipimo kinakula kipande chake chembamba. Kama hajui kilichoharibu, huenda akavimalizia vipande kwenye vipimo visivyofaa, na vikiisha vimeisha. Akashukuru, akakata.

Maman akarudi kwenye beseni. Baada ya muda akasema bila kugeuka, "Nikisema ni barafu, batasema tumeharibu siye. Batamuacha Papa yako."

Hapo nikafanya kitu kimoja. Nilinakili ile namba ya daktari. Nikaingia chumbani, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa siku zile, nikaupiga picha. Kulikuwa na saa ya kuingia, saa ya kutoka, kwamba kilikuwa jiwe, na kwamba kiliyeyukia Nyungwe.

Wakuu, nimeahidi ukweli. Kabla ya kupiga ile picha niliukunja ukurasa, ule mstari wa nesi usionekane.

Nikatuma na kuandika, "Mimi ni binti yake. Mama anaogopa. Tafadhali usimwache Papa."

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea. "Hatumwachi mtu. Hii inanisaidia sana. Kabla ya kuingia kwenye friji, kilikaa saa ngapi kwenye dawa?"

Nikahesabu. Karibu saa nne na nusu. Nikamjibu. Akauliza mengine, nikajibu, na nikagundua kwamba kwa kuandika sina aibu hata kidogo. Mpaka nikathubutu kumuuliza hizo protini anazitafutaje.

Akanieleza vizuri, na mimi nawaelezea nilivyoelewa. Wenye fani msinicheke.

Seli ya kibofu na seli ya tezi dume zinabeba protini tofauti, kama ambavyo ukimsikia mtu anaongea unajua ametoka Nzahaha au ametoka Bukavu, hata akiwa amevaa nguo za mjini. Saratani inazibadilisha sura hizo seli, lakini mara nyingi protini za kwao hubaki. Basi wanachukua kipande chembamba kuliko karatasi, wanakimwagia antibody, yaani kingamwili, inayoijua protini moja tu. Ikiikuta, inaishika. Halafu wanaweka rangi. Palipokamatwa panakuwa kahawia. Pasipokamatwa panabaki bluu.

"Barafu inavunja nyumba," aliniandikia, "ila mara nyingi wenye nyumba bado wapo ndani. Nitawatafuta hao."

Niliisoma meseji ile mpaka nikaijua kwa kichwa. Na kila niliposoma nilikumbuka lile kunjo.

Tuliitwa Huye wiki iliyofuata, wote watatu. Papa alivaa koti lake la harusi za watu. Alisema mtu hawezi kwenda kuonana na nyama yake amevaa ovyo.

Yule daktari wa maabara alikuwa mfupi, na miwani imening'inia kifuani. Alimpa Papa kiti, akasema majibu moja kwa moja, hakutuzungusha.

Protini za tezi dume hazikuonekana popote. Za kibofu zilikuwepo, kahawia, wazi. Kwa hiyo saratani ni ya kibofu.

Papa akasema, "Basi tumejua kwao."

Daktari akauliza kama tunataka kuona. Papa akainama kwenye hadubini kwanza, akakaa sana.

"Hii ni mi?"

"Ni wewe."

"Niko na mashimo kushinda barabara ya Bugarama wakati wa mvua."

Daktari akacheka. Maman hakucheka. Kisha ikawa zamu yangu.

Nilitegemea kitu cha kutisha. Niliona madoa ya kahawia mengi mengi, kama mtama uliomwagika kwenye kitambaa cha bluu. Na katikati yake mapengo meupe, yenye ncha, kama vipande vya kioo vimepita. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Mapengo hayo nilikuwepo yakitengenezwa. Yalitengenezwa mimi nikisema amina.

Daktari akaendelea. Akasema kuna jambo moja ambalo protini hazikuweza kumwambia: saratani imeingia kina gani. Ili kujua kama imefika kwenye msuli, lazima aone tabaka zimepangana vipi, na mpangilio ndio uliovunjika. Itabidi Papa arudi mezani, akwanguliwe tena, kipande kipya.

Halafu akasema, bila kujua anachokifanya: "Hata hivyo binti yenu ametusaidia. Asingenieleza habari za friji, vipande vingeisha bila jibu."

Papa akamgeukia Maman. "Friji gani?"

Maman alikuwa anaangalia mikono yake. "Ya sambaza," akasema. "Ni miye niliweka. Nilifikiri inaoza. Dokta aliuliza, mi nikakatala. Ni miye, Papa. Ni kosa yangu peke yangu, huyu mutoto hana kosa."

Alilia bila sauti. Maman wangu, ambaye soko zima linamuuliza barafu.

Na hapo, wakuu, ningeweza kunyamaza kwa mara ya tatu, na ingekuwa rahisi kuliko zote. Daktari alikuwa ameshanisifu. Maman alikuwa ameshabeba. Humo ndani hakuna aliyejua kuhusu onyo la nesi, isipokuwa mimi na karatasi.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua.

"Nesi aliniambia kisiwekwe kwenye friji. Aliniambia mimi. Nilijua."

Papa akasema, "Unasema nini?"

"Nilijua, Papa. Nilisimama pale nikaangalia. Maman hakuambiwa na mtu. Mimi niliambiwa."

Maman akaniangalia na sitaki kueleza alivyoniangalia.

Papa akavua kofia, akaiweka kwenye goti, akaivaa tena. Huwa ananiita maman kidogo kwa sababu nina jina la mama yake. Pale hakuniita kitu.

"Kwa nini haukusema?"

"Kulikuwa na wageni."

Nilivyosikia jibu hilo likitoka mdomoni nilitamani sakafu ifunguke. Mashimo yote yale, na Papa kurudi mezani, kwa sababu kulikuwa na wageni.

Kwenye basi la kurudi Papa alikaa dirishani, mimi katikati. Tukaupita msitu wote. Halafu Papa, bado anaangalia nje, akasema taratibu:

"Nikiwa mu lori, tanibwayi yangu akiona gurudumu inatoka, anapiga kelele. Hata nikiwa naongea na patron kwa simu. Hata nikiwa naimba. Hangoji nimalize. We siku ingine unipigie kelele. Hata niko naomba Mungu. Mungu atangoja."

Tanibwayi ni msaidizi wa dereva kwenye lori, na patron ni bosi.

Nikasema ndiyo, Papa.

Maman hakuongea nami siku tatu. Ya nne aliniita jikoni, akanipa kisu na vitunguu, akasema, "Na mi pia nilikatala kwa simu. Kata ndogo ndogo." Tukakata vitunguu. Hayo ndiyo yamekuwa mazungumzo yetu hadi leo, na nadhani yanatosha.

Papa alikwanguliwa mara ya pili siku kumi na moja zilizopita. Safari hii kichupa kilienda na gari la hospitali. Amelala sana tangu siku ile. Anasema hakuumia, lakini usiku akienda chooni anaegemea ukuta.

Na sasa nangoja simu. Ninachoogopa ni hiki.

Kutoka kipande cha kwanza mpaka cha pili ni wiki nyingi. Kama majibu yatasema saratani iko kwenye msuli, hakuna atakayejua kama ilikuwa pale tangu siku ya kwanza, au iliingia wakati sisi tunangoja kwa sababu ya barafu. Daktari hatajua. Papa hatajua. Nitaishi na swali hilo kila nikiona ule mfuko ubavuni mwake.

Nilichojifunza sikukitoa kwenye kitabu. Ukipewa onyo la mgonjwa, lile onyo ni sehemu ya dawa, si lako kulihifadhi. Litoe hapo hapo, kwa sauti mbaya, kwa kigugumizi, mbele ya wageni. Sample ya biopsi, yaani kipande cha nyama cha kupimwa, haiwekwi kwenye friji ikiwa kwenye ile dawa yake, haijalishi nani nyumbani ni fundi wa barafu. Na daktari akiuliza, mwambieni. Anauliza kwa sababu anataka kujua apitie wapi, hatafuti wa kumfunga.

Wakuu mlio kwenye fani ya afya, nina swali moja, na nawaomba msinijibu kwa kunifariji. Je, Papa angekwanguliwa mara ya pili hata kama kipande cha kwanza kisingeganda? Nimesoma sehemu kwamba wengine hurudiwa tu. Nataka kujua. Na kama kuna mwingine hapa aliyewahi kuua kitu kwa kunyamaza, aandike, nitasoma. Pengine nitajibu pia.

Nyongeza, saa tisa alasiri:

Daktari wa maabara amepiga. Maman alinikabidhi simu, akasema, "Sikia weye, mi siwezi." Nikapokea mwenyewe.

Msuli umeonekana, tabaka zote zinasomeka. Saratani imeingia tabaka la chini ya ngozi ya kibofu. Kwenye msuli haijafika. Kibofu kinabaki, kwa sasa. Atawekewa dawa ndani ya kibofu kila wiki, kisha wataangalia tena na kamera, na tena, miaka mingi.

Nilimuuliza na lile swali langu. Akasema, "Uvimbe kama huu, wengi tunawarudia. Kwa baba yako siwezi kukuambia, kwa sababu kile cha kwanza sikuwahi kukiona kikiwa kizima."

Nimemshukuru kwa kutonidanganya. Mnivumilie makosa ya kuandika.

Papa yuko uani, ameamka. Amesikia simu na anauliza ni nani alikuwa anapiga. Maman ananiangalia.

Naenda kumwambia.